Hatutaomba gereza kwa wenye kututukana

Wandugu, kila tukiandika kwenye Facebook kama maji haitoke ku robine, matusi inafuata: "Mumelipwa na wazungu!", "Hamuna kazi!" Ya kazi ni kweli, wengi wetu tuko na diploma na tunakaa bure. Lakini maji bado haijatoka.

Kuna wenye kutuambia: muwashitaki, Sheria ya Numeriki ya Machi 2023 iko. Hapana. Sheria hiyo ilikuwa kati ya zile zilizotumiwa kumshitaki mwandishi wa habari Stanis Bujakera. Alikamatwa Septemba mwaka ule ule, akakaa gerezani zaidi ya miezi 6. Tukiwazoesha wakubwa kuitumia kwa ajili yetu, kesho ni zamu yetu.

Anayeuliza pesa ya mabango inatoka wapi, tumujibu vizuri, na hesabu aioneshwe. Ni haki yake. Anayetukana mama zetu, mumuache apige makelele. Musimalize mega zenu juu yake. Ila anayeita watu wapige kabila fulani, hapo hatucheki. Ujumbe wake musiusambaze hata kwa kumuchekelea. Muupige picha, mutuletee, kisha muufute.