KONA YA MUZIKI: Disiki yenye watu ndani

Juzi kijana mmoja wa hapa kambini alinisimamisha njiani akaniuliza: "Papa, kwa nini wazee wanasifu disiki ambazo ndani yake kuna makelele ya watu? Si ni muziki ulioharibika huo?" Kwa sikio la leo swali lake ni la haki. Siku hizi wimbo unasafishwa studio mpaka unang'aa, ukisikia mtu anakohoa ndani yake unasema fundi alilala. Nikamwambia asubiri gazeti. Basi kijana wangu, jibu lako hili hapa. Litatupeleka Marekani kwanza, halafu litaturudisha Kongo.

Tuanze na chombo chenyewe, maana watoto wengi hawajawahi kukishika. Disiki, au santuri kama wanavyosema watu wa pwani, ni sahani nyeusi ya plastiki yenye mfereji mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Sindano inapita humo, inatikisika, na mtikisiko huo ndio sauti. Wengi wetu tulizijua zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zenye wimbo mmoja tu: upande wa A maneno, unageuza, upande wa B sebene. Wazee mnakumbuka uchungu wa kusimama katikati ya dansi eti disiki inageuzwa! Ile kubwa, ya mizunguko 33 na kitu, ilibeba dakika 20 na zaidi kila upande. Hapo ndipo ilipowezekana kuweka onyesho la jukwaani karibu kama lilivyokuwa, pamoja na makofi, miluzi na mama anayepiga kelele kule nyuma.

Wamarekani weusi wana muziki wao unaoitwa bluzi. Ni muziki wa wajukuu wa watumwa, ulikua kwenye mashamba ya pamba ya kusini. Mwimbaji anataja taabu yake, anaitaja tena, halafu anaijibu. Miaka ya 1960 vijana wazungu wa Uingereza na Marekani waliuchukua, wakaongeza gitaa la umeme lenye sauti kubwa na ngoma nzito, ikawa bluzi-roki. Disiki yao ya jukwaani inayosifiwa sana ni At Fillmore East ya bendi ya Allman Brothers, iliyorekodiwa New York mwezi Machi 1971. Ni disiki mbili kwenye jalada moja, na wimbo mmoja unajaza upande mzima, dakika kama 23. Mtu wa sebene hawezi kushangaa: magitaa mawili yanaongea, wapiga ngoma wawili wanasukuma, hakuna anayetazama saa. Duane Allman, mpiga gitaa wao mkubwa, alikufa kwa ajali ya pikipiki Oktoba mwaka uleule. Alikuwa na miaka 24.

Lakini ukiniuliza mimi uanze na ipi, nitakupeleka kwa mzee ambaye vijana hao walijifunza kwake. Jina lake B.B. King. Alizaliwa Mississippi tarehe 16 Septemba 1925, utotoni alichuma pamba, na alikufa mwezi Mei 2015. Tarehe 21 Novemba 1964 alipiga kwenye ukumbi wa Regal, Chicago, katika mtaa wa watu weusi, na mwaka uliofuata onyesho hilo likatoka kwenye disiki, Live at the Regal. Mwingereza Eric Clapton ni mmoja wa waliosomea disiki hiyo kama mtoto anavyosoma alfabeti.

Sikiliza anavyofanya. Anaimba mstari mmoja, ananyamaza, gitaa linamjibu. Hapigi gitaa na kuimba kwa wakati mmoja, ni zamu kwa zamu, kama watu wawili wanaoheshimiana. Halafu ukumbi nao unaingia: wanawake wanapiga mayowe, wanaume wanacheka pale anaposema jambo wanalolijua nyumbani kwao. Kwa hiyo wanaoongea ni watatu. Toa ukumbi, utabaki na mtu anayejisemea peke yake! Jengo la Regal lenyewe lilibomolewa mwaka 1973. Wale wanawake bado wanapiga mayowe kwenye disiki.

Mwaka 1970, tarehe 10 Septemba, alikwenda kupiga ndani ya gereza la Cook County, hukohuko Chicago, mbele ya wafungwa zaidi ya 2,000. Disiki hiyo ina jambo moja ambalo studio haliwezi kutengenezwa. Kabla ya muziki, mtangazaji anawataja wakubwa, mkuu wa polisi wa wilaya na jaji, ili washangiliwe. Wafungwa wanawazomea! Na zomeo limebaki, hakuna aliyelikata. Watu ambao hakuna mwandishi aliyekuwa anawauliza maoni yao walitoa maoni, nayo yakauzwa madukani dunia nzima.

Nisimwache mzee huyu kabla ya kusimulia habari ya gitaa lake, kwa sababu inatugusa. Majira ya baridi ya mwaka 1949 alikuwa anapiga kwenye nyumba ya dansi, kijiji cha Twist, Arkansas. Ili watu wapate joto waliwasha mafuta ya taa ndani ya pipa katikati ya sakafu. Wanaume wawili wakapigana, pipa likaanguka, nyumba ikashika moto. King alitoka nje salama, halafu akakumbuka gitaa. Akarudi ndani ya moto kulichukua, na nusura afe humo. Kesho yake akaambiwa kwamba waliopigana walikuwa wanamgombania mwanamke aitwaye Lucille. Tangu hapo kila gitaa alilokuwa nalo aliliita Lucille, kujikumbusha asifanye tena ujinga wa namna hiyo.

Ujinga? Hapa kambini nadhani wengi watamwelewa. Namjua mama aliyetoka na sufuria yenye maharage yasiyoiva, na mzee aliyebeba funguo za nyumba ambayo haina tena mlango. Mzee huyohuyo aliacha Bukavu sanduku zima la disiki. Ukishuka Cyangugu usiku unaziona taa za Bukavu ng'ambo ya maji, na yeye akiziangalia anahesabu: Franco ngapi, Rochereau ngapi, zilikuwa rafu ya juu au ya chini.

Sasa turudi kwetu. Septemba 1974, siku chache baada ya kutimiza miaka 49, B.B. King alifika Kinshasa na Lucille wake. Muhammad Ali na George Foreman walikuwa wapigane ngumi tarehe 25, na kabla ya pambano likapangwa tamasha la siku tatu, Zaïre 74, kwenye uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Walioliandaa ni mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini Hugh Masekela na Mmarekani Stewart Levine. Kutoka nje walikuja James Brown, Bill Withers, Celia Cruz na Miriam Makeba. Nyumbani walikuwepo Franco na T.P. O.K. Jazz, Tabu Ley Rochereau na Afrisa, Abeti Masikini, na vijana wa Stukas.

Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini. Pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba (Ali alishinda raundi ya 8, hilo hata watoto wanalijua). Wageni wengi waliotegemewa kutoka ng'ambo hawakuja. Lakini wanamuziki walishapanga safari, hivyo tamasha likafanyika palepale, tarehe 22 hadi 24. Matokeo yake ni mazuri kuliko yaliyopangwa: uwanja ulikuwa wa watu wa Kinshasa. Makelele yaliyo kwenye kanda zile ni ya mama wa soko, wanafunzi, mafundi na vijana wa mitaani. Ni sauti za Wazaire, kama tulivyoitwa wakati ule. Sisi wa Kivu tulikuwa mbali, karibu kilomita 1,500 kwa ndege, lakini mtu mwenye redio na mawe mazima alikuwa na wageni jioni nzima.

Kanda zikaenda wapi? Hapa ndipo ninapokasirika kidogo, mnisamehe. Picha na sauti zilikwama miaka mingi kwa sababu ya ugomvi wa fedha na sheria. Filamu ya When We Were Kings ilitoka mwaka 1996, lakini hiyo ni ya ngumi zaidi. Soul Power, ya tamasha lenyewe, ilitoka mwaka 2008. Humo James Brown anatoa jasho lote, B.B. King anapata nafasi yake, na wenyeji wa nyumba wanaonekana kwa muda mfupi tu. Maonyesho kamili ya Waafrika yalitoka mwaka 2017, katika mkusanyiko Zaire 74: The African Artists. Hesabuni wenyewe: miaka 43! Franco alikufa mwaka 1989. Abeti, 1994. Makeba, 2008. Tabu Ley, 2013. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyeishi kuuona. Masekela aliuona, akafa Januari 2018.

Ukiusikiliza, utasikia Franco anavyopigwa mbele ya watu wake. Gitaa lile si la bluzi, lakini kazi ni ileile ya B.B. King: sauti inauliza, gitaa linajibu, uwanja unaitikia. Mtu akikwambia kwamba bluzi-roki ni ya wazungu na rumba ni ya Kongo na havihusiani, mwambie akae asikilize vyote viwili usiku mmoja.

Najua hapa hakuna mashine ya kupigia disiki, na umeme wenyewe ni bahati. Mwenye simu anaweza kutafuta sokoni Kamembe kwa vijana wanaojaza nyimbo kwenye kadi ya kumbukumbu. Sikiliza kwanza kabla ya kulipa, maana wengine wanauza ya studio na kusema ni ya jukwaani. Dalili ni rahisi: kama hausikii watu, umedanganywa.

Na sasa ombi kwa familia zote. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1974 leo amepita 65. Katika mistari hii ya nyumba tunao, na baadhi yao wana nyimbo ambazo hazipo kwenye disiki yoyote: za kulima, za kubembeleza mtoto, za kwaya ya parokia ambayo haipo tena. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nane mchana, tutakaa chini ya mti wa nyuma ya shule tuwarekodi kwa simu. Wajukuu waje nao, na msiwanyamazishe, wakicheka wacheke. Kila familia ilete kadi yake ya kumbukumbu ili irudi nyumbani na nakala siku hiyohiyo. Mzee wa disiki za Bukavu amekubali kufungua. Anasema atapiga sebene kwa mdomo, upande wa A na wa B, bila kugeuza.