Mabua Si Takataka, Acheni Dharau

Kila nikiposti mbuzi wa shosho, lazima msee mmoja aandike: "Siwezi kunywa maziwa ya mbuzi anakula takataka." Leo nakujibu, na sitakuwa mpole.

Wewe si ndiye ulipiga bia mbili Ijumaa? Ile shayiri inayobaki baada ya kutengeneza bia inaitwa machicha, na ina protini kushinda nyasi nyingi za kando ya barabara. Umekunywa maji yake, mbuzi akila iliyobaki unaziba pua. Ngano ikisagwa, chapati ni yako, pumba ni ya mnyama. Alizeti ikikamuliwa, mafuta ni yako, mashudu ni yake. Hizo ndizo zinachanganywa, zinatiwa kwa gunia lenye picha ya ng'ombe mnono, unauziwa agroveti kwa bei ya kuumiza. Manze, umekunywa hiyo "takataka" kwa chai tangu nasari.

Hii dharau ina bei. Huko kwetu Nyeri watu wanavuna mahindi, wanachoma mabua, halafu jua likikaza wanakopa doo ya kununua nyasi. Hapa Nairobi, majani ya kabeji yanakanyagwa Marikiti asubuhi, jioni yanapelekwa Dandora. Kisha tunaambiana mbuzi wa maziwa ni biashara ya watu wenye pesa.

Shosho hachomi kitu. Mabua anayakatakata madogo, kwa sababu yakiwa marefu mbuzi huchagua majani na kuacha shina. Anajua mabua peke yake yanajaza tumbo tu, maziwa hayaongezeki, kwa hivyo anachanganya na marando, maganda ya maharagwe na majani ya kaliandra. Chakula kipya anakianzisha pole pole, siku kadhaa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na haya sikuyapata huko.

Sasa usitoke hapa mbio na gunia ukazoe kila kitu. Mahindi yenye ukungu, hapana! Sumu yake, aflatoksini, inapita hadi kwa maziwa. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini, wengi wao Ukambani, kwa kula mahindi ya aina hiyo. Majani na maganda ya avokado pia wacha, yanaharibu kiwele na moyo wa mbuzi. Machicha mabichi yanachacha kwa siku chache, chukua ya kutosha tu. Na mabaki ya soko yapekue kwa mkono, maana karatasi ya plastiki ikiingia tumboni inaweza kuziba hapo mpaka mbuzi afe. Hiyo plastiki ndiyo takataka, boss, si kabeji.

Jumamosi niko Nyeri nakata mabua kwa panga. Wewe wa dharau, njoo tukate pamoja. Chai iko, na maziwa unajua yametoka wapi.