Nyumba ya Newala Inayosubiri Desemba

Ukitoka Masasi kupandisha Newala, mkoani Mtwara, kona za mlima zikiisha tu unaanza kuziona nyumba zenyewe. Bati la rangi, madirisha ya aluminiamu, ukuta wa tofali na geti lenye kufuli kubwa. Nyuma kuna kibanda ambamo analala mpwa wa mwenye nyumba. Mwenyewe yuko Dar es Salaam, Mbagala au Tabata. Atakuja Desemba, akiikosa Desemba, atakuja kwenye msiba.

Nyumba hizi zina watetezi na wapinzani. Wapinzani husema hizo ni fedha zilizozikwa kwenye saruji wakati shule ya kijiji haina madawati. Watetezi hujibu kwamba mtu asiye na paa kwao ni mgeni popote aendapo. Mimi nawaona wote wanapishana na jambo lenyewe. Kuwa tupu miezi kumi na moja si kosa la nyumba ya likizo. La kuuliza ni nyumba hiyo inawaachia nini majirani ikiwa imefungwa.

Ulaya swali la namna hii limewafikisha barabarani. Mwaka 2024 wakazi wa Mallorca, kisiwa cha Hispania katika Bahari ya Mediterania, waliandamana kupinga utalii wanaousema umepandisha bei za nyumba hadi mzawa hana pa kupanga. Huko Wales, tangu Aprili 2023 halmashauri zinaruhusiwa kutoza nyumba ya pili kodi ya ziada hadi asilimia 300. Sicily nako, kisiwa cha bahari ile ile, tatizo liligeuka: mji wa Sambuca, ulioona watu wake wakihama, mwaka 2019 ulinadi nyumba zilizoachwa kwa bei ya kuanzia yuro 1. Mmoja analia wageni wamejaa, mwingine anawatafuta kwa tochi.

Newala haifanani na hata mmoja wao. Anayejenga si tajiri wa mbali aliyependa mandhari. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, na kiwanja cha kijijini mara nyingi hakijapitia mikononi mwa dalali. Ni shamba la bibi lililomegwa. Anayejenga ni mtoto wa pale pale, na hamfukuzi mpangaji yeyote. Kumbandika kodi ya adhabu kwa kuiga Wales kutamfanya ajenge Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na Newala haitapata chochote.

Ujenzi huu una historia fupi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Kusini alikwama kwenye kivuko cha Rufiji, na masika ikikolea barabara ilikuwa tope. Nani angejenga nyumba ya kuja kupumzika mahali pa kufikia kwa dua? Daraja ndilo lililomfanya mtu wa Tabata aanze kuihesabu Masasi kama mahali pa siku chache. Hata leo hesabu hiyo huvurugika: Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara ya Lindi pale Somanga, na Kusini ikarudi kuwa kisiwa kwa siku kadhaa.

Daraja lenyewe lina jina la mtu wa Lupaso, Masasi. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuwa na nyumba Lushoto pia, kwenye baridi na misitu, na angeweza kupumzika huko milele. Julai 2020 alizikwa Lupaso. Hapo ndipo hesabu ya mchumi inapogota kuhusu nyumba ya kwenu. Hii si nyumba ya kulala wikiendi. Ni ya kutolea wali wa unyago, ya kupokea wakwe, ya kuwekea matanga. Kazi zake ni chache kwa mwaka, ila hakuna gesti inayoweza kuzifanya.

Fedha yake pia ni ya hapa hapa kwa sehemu kubwa. Mishahara ya Dar inaanzisha msingi, korosho inapandisha ukuta. Msimu ukienda vizuri, mnada wa vyama vikuu vya ushirika, TANECU au MAMCU, ukitoa bei nzuri, bati linapanda Januari. Ukienda vibaya, tofali linaota majani. Mwaka 2018 wanunuzi waligoma kupandisha bei, na Novemba serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yakisomba. Aliyekuwa amepanga kumalizia linta msimu ule alijifunza kwamba fundi wake mkuu ni soko la dunia.

Masasi mjini mambo ni tofauti kidogo. Masasi haiko juu ya Uwanda wa Makonde kama Newala. Imekaa chini, katikati ya milima yake ya mawe. Ni njia panda ya Lindi, Tunduru na Newala, na nyumba ya hapo inapangishika. Walimu, wauguzi wa hospitali ya Mkomaindo, watu wa benki, wote wanatafuta vyumba. Msimu wa korosho wanaongezeka wanunuzi na watu wa maghala, wanaotaka pa kulala kuanzia Oktoba hadi Desemba, yaani wakati ule ule ambao mwenye nyumba anataka kuja kula sikukuu sebuleni kwake. Anayetaka vyote viwili ajenge vyumba vya uani na kujiwekea kimoja.

Kodi ya jengo nayo ina kituko chake. Tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU, na tangu 2023 nyumba ya kawaida inadaiwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Nyumba isiyowashwa taa hainunui umeme, na isiyonunua umeme hailipi. Deni linajikusanya tu. Baba anafika Desemba usiku, watoto wamechoka na safari, ananunua umeme wa 20,000, na tokeni inakuja na uniti za kuchekesha. Anaitukana TANESCO. Kumbe amelipia miezi yote aliyokuwa hayupo.

Lakini kama halmashauri ingenipa nafasi ya kudai kitu kimoja tu kwa wenye nyumba hizi, nisingedai shilingi. Ningedai maji.

Uwanda wa Makonde ni mchanga mwingi juu, na maji yanazama chini kabisa. Wazee walipanda huko kukimbia vita na wafanyabiashara wa utumwa, na gharama ya usalama ilikuwa kuteremka bondeni na mtungi kila siku. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza enzi za mkoloni, unasukuma maji kutoka Mitema huko Kitangari kuyapandisha juu, na kusukuma maji mlimani ni umeme na mitambo. Mradi huo umeingizwa katika mpango wa serikali wa maji wa miji 28. Ni habari njema, ila bomba la uwanda limeshazoea kukauka.

Sasa tazama lile bati la rangi. Paa la mita za mraba 120, kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, linapokea lita 108,000. Toa moja ya tano kwa kumwagika na kukauka, zinabaki zaidi ya lita 86,000. Tangi la chini la lita 30,000, la saruji na mfuniko, likijazwa masika, ni ndoo 1,500 za lita 20. Mwenye nyumba hayupo kuzitumia. Septemba na Oktoba, jua likiwa kali, ndoo hizo ni mali ya mtaa mzima, awe mpwa anazigawa au anaziuza kwa bei ya jirani. Nyumba bila gata wala tangi inafanya kinyume chake: inamwaga maji yote kwenye mchanga, na Newala mjini, iliyokaa ukingoni kabisa mwa uwanda karibu na bonde la Shimo la Mungu, maji ya paa yasiyo na mwenyewe yanakwenda kuchimba korongo. Kibali cha ujenzi bila mchoro wa gata na tangi kisingepaswa kutoka.

Limebaki la mpwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu ardhi ya kimila iliyokaa miaka 5 bila kutumika ihesabiwe imetelekezwa. Kijana anayelala uani na kulima mihogo ubavuni mwa ukuta ndiye anayezuia hilo. Tena kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ukoo hufuata upande wa mama, kiwanja alichopewa mjomba na ukoo wa mama yake si rahisi kuwafikia watoto wake waliozaliwa Mbagala; hao ni wa ukoo wa mama yao. Saruji ni ya baba, udongo ni wa wapwa. Mjomba akifa bila maandishi, baraza la kata linapata mgogoro wa kusuluhisha, na kufuli la geti linaongezwa lingine juu yake. Wakati anaomba hati ya kimila, mjomba aketi na dada zake, waandike nyumba ni ya nani na tangi ni la nani.