Melo hakustahili kizimba

Aprili 8, 2020, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, ilimtia hatiani Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa mtandao wa JamiiForums: faini ya Sh3 milioni au jela mwaka mmoja. Kosa lake ni kuzuia upelelezi. Polisi walitaka taarifa za watu walioandika tuhuma dhidi ya kampuni kwenye mtandao huo, naye hakuzitoa. Mwenzake, Mike Mushi, aliachiwa huru.

Melo alipandishwa kizimbani Desemba 2016. Kwa zaidi ya miaka mitatu ya kwenda na kurudi Kisutu, jambo linalomgusa mwananchi, yaani kama tuhuma zile zilikuwa za kweli, halikuwa mezani. Aliyesakwa ni aliyezitoa.

Wakazi wa Masasi na Newala wana sababu ya kulitazama hili kwa makini. Korosho yao hupita chama cha ushirika cha msingi (AMCOS), ghala, chama kikuu na mnada kabla mkulima hajaona fedha. Msimu wa 2018/19 Serikali ilinunua kwa Sh3,300 kwa kilo, Jeshi likasomba mzigo, uhakiki ukafuata, na wapo waliosubiri malipo miezi mingi. Katika mlolongo mrefu namna hiyo, mizani ikichezewa au makato yakiongezwa kinyemela, anayejua ni karani, mlinzi wa ghala au mpakiaji wa magunia. Huyo anaishi kijiji kimoja na viongozi wa chama chake, wanazikana, wanaozeana. Jina lake likivuja, kijiji chote kinamgeuka.

Ipo Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, nayo ni njema. Lakini kinga yake ni kwa anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Je, kama mamlaka yenyewe inashirikiana na mtuhumiwa?

Hoja ya upande wa pili, kwamba mchapishaji naye anaweza kuumiza watu, isipuuzwe. Mwaka 2011, tovuti ya kufichua siri ya WikiLeaks, ya Julian Assange, ilimwaga nyaraka za kibalozi za Marekani bila kufuta majina ya watu waliozungumza na mabalozi kwa siri. Hilo lilikuwa kosa zito. Mchapishaji anayehatarisha uhai wa watu, au anayemzushia mtu uongo, ajibu mahakamani. Melo alifanya kinyume kabisa: aliwaficha waliomwamini, akaadhibiwa kwa kuwaficha.

Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kudai taarifa kama zile alizotakiwa Melo kwa amri yake mwenyewe. Bunge likibadilishe, ili jina la mtoa taarifa lisidaiwe kabla hakimu hajasikiliza pande zote mbili. Wabunge wa Masasi, Newala na Tandahimba, ambao wapiga kura wao wanaishi kwa korosho, wawe wa kwanza kulisimamia hilo Dodoma.