Feni ya kuungaunga jikoni
Mwenye mgahawa wa Machochwe, wilayani Serengeti, akifunga feni ya kutoa moshi wa mkaa, anastahili pongezi: anaokoa mapafu ya mpishi. Lakini tazama waya wake. Mara nyingi umevutwa kutoka kwenye taa, mwembamba, bila ethi. Masizi na mafuta yakikwamisha mota, waya unapata moto. Ganda likiyeyuka ukagusa chuma cha feni, mpishi mwenye mikono ya maji ananaswa na volti 230.

Feni iwe na laini yake, sakiti breka yake na ethi, ule waya wa kijani na njano, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. La sivyo, heri dirisha kubwa. Nalo liwepo vyovyote: umeme ukikatika feni inasimama, mkaa unaendelea kutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu.