Nani Aliiacha Siakago Bila Mbunge?

Tarehe 19 Juni 2025 Bunge la Taifa lilipitisha Mswada wa Fedha wa mwaka ule. Mwenye duka wa Siakago, mkulima wa muguka na mama anayeuza ndengu sokoni wanalipa kodi hizo sawasawa na Mkenya mwingine yeyote. Lakini siku ile eneo bunge la Mbeere Kaskazini, ambalo hadi kabla ya uchaguzi wa 2013 liliitwa Siakago, halikuwa na mtu wa kusema ndiyo wala la. Mbunge wetu alikuwa ameapishwa kuwa Waziri mwezi wa Aprili, na Katiba haimruhusu mtu kushika nyadhifa hizo mbili kwa pamoja. Katika hilo hatuna ugomvi na mtu.

Ugomvi wetu ni huu. Kifungu cha 101 cha Katiba kinaamuru kwamba kiti cha mbunge kikibaki wazi, uchaguzi mdogo ufanywe katika muda wa siku 90. Siku 90 zilikwisha katikati ya Julai. Sisi tulipiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Na tusijione kuwa ndio tuliodhulumiwa kupita wote: ndugu zetu wa Banissa, kaunti ya Mandera, walimzika mbunge wao Machi 2023, nao wakapiga kura siku hiyo hiyo moja na sisi. Miswada mitatu ya fedha ilipita juu ya vichwa vyao.

Sababu inajulikana. Tangu Januari 2023, muda wa mwenyekiti na makamishna wa mwisho ulipokwisha, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilikuwa na majengo, magari na makarani, lakini haikuwa na kamishna hata mmoja. Ilikaa hivyo hadi tarehe 11 Julai 2025. Machi 2024 ukapita muda uliowekwa na Katiba wa kuchunguza upya mipaka ya maeneo bunge, na hapakuwa na wa kuichunguza.

Ndugu wananchi, tume hiyo si zawadi ya mtawala yeyote. Ilinunuliwa kwa damu. Mwaka 1997, chini ya shinikizo la wapigania mabadiliko, wabunge walikubaliana katika mazungumzo ya IPPG kwamba upinzani upendekeze makamishna 10 wa tume ya wakati ule. Makubaliano yale hayakuandikwa katika sheria, yaliachiwa uungwana. Mwaka 2007 Rais Kibaki aliteua makamishna bila kushauriana na upinzani, na uungwana ukaishia hapo. Matokeo yalipotangazwa Desemba, nusu ya nchi haikuiamini tume wala mahakama. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, 405 kati yao kwa risasi. Mapigano hayo hayakuwa ya Mbeere. Yaliwaka Eldoret, Kisumu, Nakuru, Naivasha na Nairobi. Lakini katiba iliyozaliwa humo ni yetu sote.

Tume ya Jaji Kriegler iliripoti Septemba 2008 kwamba uchaguzi ule uliharibika kiasi cha kutojulikana nani alishinda. Tume ya zamani ikavunjwa. Tukapitisha Katiba mpya tarehe 4 Agosti 2010, tukaunda tume mpya, tukawapiga msasa majaji na mahakimu. Hayo yalikuwa matengenezo ya kweli, nasi hatuko pamoja na wale wanaosema hakuna kilichobadilika. Mei 2024, kaunti za pwani zilipopiga marufuku muguka, wakulima wetu hawakwenda kufunga barabara. Walikwenda Mahakama Kuu ya Embu, nayo ikasimamisha marufuku yale kwa muda hadi kesi isikizwe. Mtu mwenye watoto shuleni kwa pesa za muguka anajua maana ya kuwa na jaji mahali pake, siku inayotakiwa.

Na hapo ndipo hila ilipo. Kuvunja taasisi kwa rungu kunaleta kelele. Kuiacha bila watu hakuna anayesikia. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41. Rais Uhuru Kenyatta alikaa na majina yale hadi Juni 2021, akateua 34, na sita wakasubiri hadi Rais Ruto alipowateua Septemba 2022. Katika miaka ile mitatu ni kesi ngapi za mashamba zilizolala katika mafaili? Sisi mawakili tuliwaambia wateja wetu wasubiri, wasubiri, mpaka tukaona haya kuwatazama usoni.

Kwa tume ya uchaguzi mchezo ulikuwa ule ule, ila safari hii wachezaji walikuwa wengi. Serikali iliunda jopo la kuteua makamishna Februari 2023, kisha likawekwa kando ili wakubwa wakazungumze Bomas. Upinzani nao uliketi kwenye meza ile. Ripoti ilitoka Novemba 2023. Sheria ikatiwa saini Julai 2024. Jopo jipya likaapishwa Januari 2025. Kila upande ulisema unatafuta tume itakayoaminika. Labda. Lakini aliyetafuta kwa miaka miwili na nusu huku wananchi hawana mwakilishi hakuwa na haraka, na asiye na haraka ya uchaguzi ana sababu yake. Vigogo wa pande zote mbili waliposhuka Mbeere Novemba kutuomba kura, hatukumsikia hata mmoja akituomba radhi. Mshindi alipatikana kwa tofauti ya kura zisizofika 500. Watu wanaothamini kura zao kiasi hicho si watu wa kuwekwa kiporo miezi saba.

Tutaambiwa kwamba tume sasa ipo, kwa hivyo tunyamaze tungoje uchaguzi wa 2027. Hatutanyamaza, kwa sababu ubovu umebaki mle mle. Makamishna wote saba waliapishwa siku moja. Katiba inawapa kipindi kimoja tu cha miaka sita. Wakimaliza muda wao wataondoka siku moja, Julai 2031, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa 2032, na tutarudi pale pale tulipokuwa mwaka 2023.

Tunadai Bunge litunge sheria kabla ya Agosti 2027: makamishna waingie kwa zamu ili wasitoke wote pamoja, jopo la uteuzi liwe limekwisha kuketi kabla kiti hakijawa wazi, na pale penye haja, Katiba yenyewe irekebishwe ili haya yawezekane. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Ombi letu limeandikwa, linasubiri sahihi. Mbunge mpya wa Mbeere Kaskazini tumemwekea nafasi ya sahihi juu kabisa, na majina ya wapiga kura wake yatafuata chini yake. Akiiacha tupu, tutaipeleka Bungeni hivyo hivyo ilivyo.