ASKARI KANZU NA JAMBAZI TUWATOFAUTISHEJE?



Wazee wetu wa pwani walimwita polisi asiyevaa sare "askari kanzu". Miaka ya 1950 wakamwona katika mikutano ya TANU, akisikiliza ili ampelekee mkoloni habari. Mkoloni ameondoka tangu 1961. Kanzu imebaki.

Hatubishi kwamba mpelelezi hujificha. Lakini kupeleleza ni jambo moja, kukamata ni jingine. Mkono unaomshika raia ni mkono wa Serikali, na Serikali ya watu haijifichi mbele ya watu.

Tarehe 6 Septemba 2024, Mzee Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya CHADEMA, alikuwa ndani ya basi akienda Tanga. Pale Tegeta, katika Barabara ya Bagamoyo, watu wenye silaha walimteremsha. Kesho yake maiti yake ilionekana Ununio, katika mwambao wetu huu. Rais Samia Suluhu Hassan alilaani mauaji hayo akaamuru uchunguzi.

Waliomchukua ni nani? Sisi hatuwezi kuwataja, na huo ndio msiba wenyewe! Abiria afanye nini? Akizuia, huenda anapinga amri halali. Akinyamaza, huenda anamkabidhi mwenzake kwa wauaji. Polisi wakizoea kukamata watu kwa fulana, wanamwazima kila jambazi mamlaka yao. Naye akiua, lawama humwangukia hata askari mwema.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka askari aeleze sababu ya kumkamata mtu, tena ataje jina na cheo chake kabla ya kumhoji. Kwa jirani zetu Kenya, Agosti 2024, Mahakama Kuu iliamuru polisi wanaopelekwa kwenye maandamano wavae sare. Sisi tunangoja nini?

Tunadai: anayekamata avae sare, au aonyeshe kitambulisho na ataje kituo anachompeleka mtu. Gari lake liwe na namba.

Nanyi, madereva, makonda, wavuvi na mama lishe, toka Tegeta hadi Bagamoyo mjini, ulizeni kwa heshima lakini kwa sauti: Jina lako nani? Cheo gani? Kituo kipi? Askari wa haki hatachukia.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Basi nguo hiyo na ijulikane!